Kompyuta ya Nyumbani na Picha za Mabiharusi: Tuupokee Mfumo Mpya au Tuiache Ilivyo?



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumewaachia waume na mafundi. Ni ile kompyuta ya nyumbani, iliyokaa juu ya meza ya sebuleni au ndani ya begi juu ya kabati. Tangu Oktoba 2025 ukiiwasha inakwambia kwamba Windows 10 imefikia mwisho wake, na inakutaka uhamie kwenye mfumo mpya. Unabonyeza "baadaye", unaendelea na shughuli zako, na siku ya pili inakuuliza tena.

Je, tuukubali huo mfumo mpya au tuiache kompyuta kama ilivyo? Nitatoa maoni yangu mwanzo kabisa, ili mwenye mtoto mkononi asilazimike kusoma mpaka chini ndipo apate jawabu. Kama ndani ya kompyuta hiyo mna amana za watu, na hasa picha za wanawake waliovua mitandio yao wakijua watatazamwa na wanawake wenzao tu, basi si halali yako kubonyeza "baadaye" mwaka mzima. Kama hamna amana ya mtu, usikubali kutiwa hofu ukachukua pesa ya ada ya mtoto kununulia kompyuta mpya.

Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo.

Ofisi zetu zimo majumbani

Nazungumza kwanza na dada walioko Dodoma, kwa sababu tumekuwa wengi huku. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini ni baada ya mwaka 2016 ndipo wizara na watumishi walipohama kweli kweli, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Waume wakahamishwa, nasi tukafuata na masanduku yetu, vyetezo vyetu na mbuzi za kukunia nazi. Wengine wakaolewa huku huku, na watu wa Kondoa na Singida, na sasa hata lafudhi zimeanza kuchanganyika.

Ukifika Dodoma kazi ya ofisini huipati haraka, lakini harusi hazikosekani. Ndiyo maana utawakuta dada zetu wa Area C, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu na Chang'ombe wanaofanya kazi za maharusi wakiwa majumbani mwao: hina na piko, singo, kupamba, kadi za mwaliko, na kupiga picha na video za upande wa wanawake. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mpambaji anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na jioni akawa yuko na biharusi wake Dodoma. Riziki imefunguka, alhamdulillah.

Kazi zote hizo huishia kwenye kompyuta moja. Na mara nyingi ni hiyo hiyo ambayo baba wa nyumba anaandikia ripoti zake, mdogo wako anaombea kazi Ajira Portal, binti anajazia maombi ya mkopo wa HESLB, na watoto wanatazamia katuni wakirudi chuoni. Katikati ya vyote hivyo mna folda imeandikwa "Harusi za Mfunguo Mosi", na ndani yake mna picha mia nne za mtoto wa watu akiwa nywele wazi, mabega wazi, anacheka na mashoga zake.

Folda hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Nini hasa kilichotokea

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Huo ndio mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiongoza kompyuta na kuzibeba programu nyengine zote. Mfumo wowote una matundu ambayo waliouunda hawakuyaona. Kila mwezi yanagunduliwa mapya, na kila mwezi Microsoft hutuma viraka vya kuyaziba. Ukisikia "apdeti", sehemu kubwa ni viraka hivyo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 viraka vya kawaida vya Windows 10 vilisimama. Kompyuta haikuzimika. Picha zinafunguka, printa inachapa, Qur-ani unaisikiliza kama kawaida, na hapo ndipo tunapodanganyika. Ni sawa na nyumba ambayo fundi wake wa vitasa ameacha kuja. Mlango bado unafungwa na bado unapendeza, lakini siku wezi wakigundua kuwa kitasa cha aina hiyo hufunguka kwa msumari, hapana atakayekuja kukubadilishia. Tena mwizi ana faida nyengine: viraka vya Windows 11 vinaendelea kutoka, na mifumo hii miwili ina mambo mengi ya asili moja. Kila tundu linalozibwa kule linamwonyesha pa kutazama huku.

Kuna atakayesema hizi ni hadithi za kutisha watu. Basi nikumbushe lililotokea duniani, si zamani sana. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Waliokiweka walikiweka, waliosema "baadaye" walisema. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo ikazuka programu haribifu iliyoitwa WannaCry. Haikuhitaji mtu abonyeze kitu chochote. Ilijipenyeza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu lile lile. Ilizifunga faili za watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta ili zifunguliwe. Ilifika nchi zaidi ya 150, na Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu kompyuta zake zilifungwa. Kompyuta zilizokuwa na kiraka cha Machi hazikuweza kuingiliwa kwa tundu lile.

Sasa itazame kazi yako. Kadi ya mwaliko ikipotea utaichora upya. Biharusi hawezi kurudi ukumbini akaingia tena na wazee wale wale, akapigiwa vigelegele vile vile. Hapo ni faili kufungwa tu. Baya zaidi ni faili kunakiliwa kimya kimya, halafu akatokea mtu usiyemjua anakwambia ulipe au picha azisambaze.

Nitakuwa mkweli pia upande wa pili: viraka haviponyi kila kitu. Picha nyingi hutoka kwa njia nyepesi zaidi, kama neno la siri linalojulikana nyumba nzima, flashi iliyosahaulika steshenari, au simu aliyopewa mtu akarekebishe kioo. Lakini kufunga dirisha hakukuondolei wajibu wa kufunga mlango.

Amana isiyolipika

Sote tunazijua harusi zetu. Upande wa wanawake simu hukusanywa mlangoni, wanaume hawaingii, na mpiga picha ni mwanamke kwa makusudi. Mama wa biharusi hakukuchagua wewe kwa sababu ya kamera yako peke yake. Amekuchagua kwa sababu anaamini picha za mwanawe zitakaa kwenye stara mpaka umkabidhi. Jicho lako amelikubali, na kwa hivyo ameikubali na kompyuta yako, ingawa hajawahi kuiona.

Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na amana si dhahabu na pesa peke yake. Tena picha ni amana ya namna yake. Mtu akikuwekea kitenge kikaungua, utanunua chengine ukaomba radhi. Picha ikishatoka hairudi, hata ungelipa nyumba na kiwanja. Itamkuta dada wa watu kwa mume wake, kwa wakwe zake, na kesho kutwa kwa watoto wake.

Najua tutasema "Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi", na ndivyo ilivyo. Lakini sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, tawakkul ndiyo ifuate.

Na kwa wale wanaohitaji kusikia na upande wa serikali: Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha na namba ya simu ya mteja wako ni taarifa zake binafsi. Anayekusanya taarifa za watu kwa kazi yake anatakiwa azilinde, azitumie kwa lile alilopewa, na asizikalie muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kufanyia kazi sebuleni hakukutoi kwenye sheria hiyo.

Sababu tunazojipa

Ya kwanza ni israfu. Dada anasema: kompyuta yangu inafanya kazi, kuibadilisha ni kufuata fasheni. Sababu hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Kununua mashine mpya kwa vile ya shoga yako ina rangi ya dhahabu ni israfu. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kwenye mashine inayokidhi masharti, kuhama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 ni bure; utalipia bando tu. Huwezi kuita israfu kitu kisicho na bei halafu ukaacha amana ya watu mlango wazi.

Ya pili ni uzito. "Nimesikia mfumo mpya unaifanya mashine iburute." Yawezekana, hasa kama ndani mna diski ya zamani ya kuzunguka. Lakini hata kwa mfumo wa zamani mashine hiyo ilikuwa ikiburuta. Diski ya aina ya SSD na RAM ya GB 8 huibadilisha laptopu kuukuu kuliko unavyodhani, kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyengine. Na tusiisahau Dodoma yenyewe: vumbi letu la kiangazi huingia kwenye feni, mashine inapata joto, na ikipata joto inapunguza kasi yenyewe. Wakati mwengine dawa ni brashi ya fundi tu.

Ya tatu huzungumzwa kwa sauti ya chini: "Windows yangu ni kopi, ikiingia kwenye mtandao itagundulika." Dada yangu, zile programu ndogo za kuvunja leseni ambazo mafundi hubeba kwenye flashi, nyingi hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo zifanye kazi. Jiulize mgeni gani mwema anayekutaka uzime taa kabla hajaingia. Na upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Kuwait Desemba 1988 lilizitambua haki za watunzi na wavumbuzi kuwa ni mali inayolindwa na sharia. Kabla hujakata tamaa, lakini, tazama vizuri: laptopu nyingi zilizotumika zinazotoka nje ziliwekewa leseni yake tangu kiwandani, na fundi ndiye aliyekuja kuifunika kwa kopi bila haja. Huenda una haki yako ndani ya mashine hiyo na hujui.

Ijue mashine yako kwanza

Windows 11 haikubali kila kompyuta. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski GB 64, njia ya kuwaka iitwayo Secure Boot, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane.

Kizazi utakijua kwa namba. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita na haikubaliki. Ukiona i5-8350U, ni cha nane na inakubalika. Kwa wenye HP EliteBook 840, ambazo ni nyingi madukani kwetu, G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba na G5 cha nane. Ukitaka kuhakikisha, ipo programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Itakwambia ndiyo au hapana, na kwa sababu gani. Ikisema tatizo ni TPM tu na prosesa ni nzima, usihuzunike haraka, kwani baadhi ya mashine chipu imo ila imezimwa kwenye mipangilio ya kuwashia.

Ukishaijua, njia ni chache.

Kama mashine inakubalika, hamia Windows 11, na ufanye mwezi huu. Sioni sababu ya kungoja.

Kama haikubaliki, Microsoft imetoa muda wa nyongeza wa viraka kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiunga ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye mipangilio ya apdeti: ama bila malipo kwa kuunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti ya Microsoft, ama kwa dola 30 mara moja. Ni nafuu nzuri, lakini ni ya muda, ichukue kama nafasi ya kujipanga.

Njia nyengine ni kuachana na Windows, ukaweka Linux Mint au Ubuntu. Hii ni mifumo huru, haiuzwi, na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa nyumba ambayo kompyuta ni ya barua, fomu na masomo, naipendekeza kwa moyo mmoja. Ajira Portal na HESLB hufunguka kwenye kivinjari kama Firefox, na LibreOffice huandika barua na hesabu. Wala si mambo mageni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Lakini kwa dada anayesafisha picha kwa Photoshop au Lightroom, ajue kuwa programu hizo hazikutengenezewa Linux, na kujifunza nyengine katikati ya msimu wa harusi ni mtihani.

Na ipo njia ambayo haina gharama hata shilingi, nayo ni kuikata kompyuta kwenye intaneti. Zima Wi-Fi, sahau neno la siri la modemu, ifanye iwe ya kusafishia picha tu. Barua na malipo fanyia kwenye simu. Angalia flashi na kadi za watu zinazochomekwa, kwa sababu nazo hubeba virusi.

Ningeulizwa na mpiga picha wa Nkuhungu mwenye G3 yake, mume mshahara mmoja na watoto watatu, ningemwambia hivi: leo hii zihamishe picha za wateja kwenye diski ya nje na mashine uikate mtandao unapozifanyia kazi. Wiki hii jiunge na huo muda wa nyongeza. Halafu kila harusi weka kando kidogo, mpaka upate mashine iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi. Usikope kwa riba kwa ajili yake.

Njia moja naikataa: fundi kukulazimishia Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na wapo wanaojisifu kwayo. Lakini Microsoft haiahidi viraka kwa mashine ya namna hiyo. Utakuwa umelipa pesa kwa ajili ya usalama, ukapata sura mpya tu.

Kabla hujaipeleka kwa fundi

Hapa naomba msome polepole. Tunaweza kuikimbia hatari ya mwizi wa mbali, tukaikabidhi folda kwa mkono wetu.

Nakili picha zote kwenye diski mbili za nje, si moja. Diski moja ikianguka, nyengine ibaki. Kisha ziondoe kwenye kompyuta. Lakini jua kuwa kufuta peke yake hakumalizi, kwani zipo programu za kurudisha vilivyofutwa. Kwa hivyo usiiache mashine kwa fundi ukaenda Soko la Majengo ukarudi jioni. Kaa naye, au mume wako akae naye. Bora zaidi, mtafute fundi mwanamke. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, CIVE, na mabinti wanaosoma pale wapo, wenye stara na wenye kuhitaji kazi. Mwalike nyumbani, mpikie, mlipe haki yake. Umepata fundi na umefungua riziki ya dada mwenzio.

Akaunti ya Microsoft iwe yako, kwa barua pepe yako na neno la siri lako. Nasisitiza hili. Fundi akifungua kompyuta kwa akaunti yake ili amalize haraka, nakala za folda zako zinaweza kwenda kwenye hifadhi ya OneDrive ya kwake, na wewe hutajua. Hata ikiwa akaunti ni yako, mfumo hupenda kukushawishi uhifadhi kule mtandaoni folda ya picha. Zima kwenye folda hiyo. Kwanza nafasi ya bure ni GB 5 tu, haitoshi hata harusi moja. Pili, mama wa biharusi hakukuruhusu kuzipeleka huko.

Kompyuta nyingi zenye Windows 11 huifunga diski kwa siri, hata laptopu ikiibiwa mwizi asisome kilichomo. Hiyo ni stara nzuri sana. Ila ina ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako, uuandike kwenye karatasi, uweke pamoja na cheti chako cha ndoa. Siku kompyuta ikikuuliza, fundi hana la kukusaidia bila huo.

Mwisho, betri ijae kabla hujaanza na waya uwe umechomekwa, umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Mzigo wenyewe ni GB kadhaa, basi tafuta bando la usiku, anzisha baada ya Isha, ukalale.

Kwako wewe biharusi

Usidhani makala haya ni ya wapiga picha peke yao. Picha ni zako, na una haki ya kuuliza. Siku ya kulipa kishanzu, pamoja na kuuliza albamu ina kurasa ngapi, uliza mambo matatu: picha zangu zitakaa wapi, kompyuta hiyo bado inapata viraka au imekatwa mtandao, na utazifuta lini baada ya kunikabidhi. Muda uandikwe kwenye makubaliano. Siku sitini zinatosha. Mpiga picha mwenye kuijua amana hatakasirika. Akikasirika, umejibiwa.

Na kama katika vitu vya kuanzia maisha mnanunua laptopu iliyotumika, msivutiwe na bei kabla ya kusoma ile namba ya prosesa. Mashine ya kizazi cha sita inauzwa rahisi sasa kwa sababu, na muuzaji sababu anaijua. Kwa kuandikia na kusomea inafaa, mkiiwekea Linux. Kwa kuwekea picha zenu za faragha iliyo kwenye mtandao, haifai.

Kwa dada ambaye kompyuta yake ni ya katuni za watoto na mapishi tu, namwambia lala usingizi wako. Jiunge na muda wa nyongeza ikiwa unaweza, usiingie kwenye akaunti za pesa humo, na siku itakayokufa utanunua nyengine. Tusibebeshane mizigo isiyotupasa.

Lakini mwenye folda ile, usiku wa leo kabla ya kulala aifungue na atazame majina yaliyomo. Kila jina ni la mtoto wa mtu aliyekuamini. Ukishayasoma yote, utajua mwenyewe kama "baadaye" inakufaa.

Mwenyezi Mungu atusitiri, azisitiri nyumba zetu na mabiharusi wetu, na atujaalie tuwe katika wenye kuchunga amana. Aamin.

Wassalaam.